Picha za uzazi mezani kwa Makamu wa Rais: kesi ya Chansa Kabwela, Zambia 2009

Juni 2009 wauguzi na wahudumu wengine wa hospitali za serikali nchini Zambia walikuwa kwenye mgomo wakidai mishahara. Katikati ya mgomo huo mama mmoja wa Lusaka akashikwa na uchungu. Kliniki mbili zilimrudisha. Jamaa zake wakamkimbiza Hospitali ya Chuo Kikuu, ambayo wenyeji huiita UTH, nako hakukuwa na wa kumpokea. Mtoto akaanza kutoka pale nje, ametanguliza miguu. Mkunga yeyote atakwambia hali hiyo ina maana gani: kiwiliwili kimeshatoka, kichwa kimebaki ndani, na kila dakika inayopita ni pumzi inayokatika. Madaktari walipofika kumhudumia, walikuta muda umekwisha. Mtoto akafa.

Picha zilipigwa. Familia ikazipeleka kwenye gazeti la The Post, lililokuwa gazeti kubwa la binafsi nchini humo na mwiba wa muda mrefu kwa serikali. Picha zilionyesha kila kitu, mwili wa mama na mtoto aliyekwama nusu ndani nusu nje.

Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia. Nimeamua kukichambua kwa urefu kwa sababu sijaona kingine kinachoonyesha vizuri hivi jinsi sheria ya machapisho machafu inavyofanya kazi inapoangukia mikononi mwa serikali iliyoudhika. Kesi nyingi za aina hii zina gazeti la udaku, picha ya msichana aliyevaa nusu, na mhariri anayejitetea kuwa soko ndilo linalotaka. Hii haina hata kimoja. Hapa hakuna hata kilichochapishwa.

Wahariri wa The Post walikaa, wakazitazama picha, wakaamua hazifai kwenda gazetini. Walisema ni kali mno kwa msomaji wa kawaida. Badala yake mhariri wa habari, Chansa Kabwela, mwanamke wa miaka 29, aliandika barua, akaambatanisha nakala za picha, akazituma kwa Makamu wa Rais George Kunda, kwa Waziri wa Afya Kapembwa Simbao, na kwa watu wengine wachache wenye sauti, wakiwemo viongozi wa asasi za kiraia. Barua ilikuwa na ombi moja: malizeni mgomo huu, tazameni wananchi wanavyoumia.

Majibu hayakutoka kwa Waziri wa Afya. Yalitoka kwa Rais Rupiah Banda mwenyewe, mbele ya waandishi wa habari. Aliziita picha hizo za ngono, akaonyesha kuchukizwa kwake, na akataka wahusika wa sheria walifuatilie jambo hilo. Julai Kabwela akakamatwa na kushtakiwa chini ya kifungu cha 177 cha Kanuni ya Adhabu ya Zambia, kwa kusambaza vitu vichafu kwa nia ya kuharibu maadili ya umma. Adhabu yake ingeweza kufika kifungo cha miaka 5.

Ukizisoma aya hizo mbili za mwisho bila kujua nchi wala mwaka, unaweza kudhani ni kichekesho cha jukwaani. Mtu anapeleka malalamiko kwa kiongozi, kiongozi anamshtaki kwa kumwonyesha jambo baya. Lakini kicheko kisitupitishe haraka, maana mashtaka yale yalikuwa na mguu wa kusimamia. Mguu huo ulichongwa zamani sana, na si Zambia peke yake inayoutumia.

Fungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 175. Fungua ya Kenya, kifungu cha 181. Fungua na ya Uganda. Utakuta mlolongo ule ule wa maneno: maandishi, michoro, chapa, picha, mabango, nembo, filamu, au kitu kingine chochote chenye mwelekeo wa kuharibu maadili. Ndugu hawa wanafanana kwa sababu baba yao ni mmoja. Kanuni hizi zilitungwa kwa kiolezo cha Wizara ya Makoloni ya Uingereza na kuletwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1930, Rhodesia ya Kaskazini ikiwemo, ambayo leo ndiyo Zambia. Na maneno ya vifungu hivi yalichukuliwa karibu yalivyo kutoka Mkataba wa Geneva wa mwaka 1923 wa kuzuia biashara ya machapisho machafu. Ulaya ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inahangaika na postikadi za uchi zilizovuka mipaka kwenye masanduku ya wafanyabiashara. Ndiyo maana vifungu hivi vinataja kuingiza nchini, kusafirisha, kutangaza na kusambaza. Aliyeviandika alikuwa akimfikiria mchuuzi, na barua ya mhariri kwa Makamu wa Rais haikumpitia akilini hata kidogo.

Kipimo cha nini hasa ni kichafu nacho ni cha zamani zaidi ya hapo. Mwaka 1868 huko Uingereza Jaji Mkuu Cockburn aliamua shauri linaloitwa hadi leo Hicklin. Lilihusu kijitabu kilichoshambulia maungamo ya Kanisa Katoliki kwa kunukuu maswali ya faragha ambayo mapadri waliweza kuwauliza wanawake. Aliyekisambaza alikuwa na nia ya kidini, kwa maoni yake mwenyewe nia njema kabisa. Jaji akasema nia hiyo haimwokoi. Kinachoangaliwa ni kama maandishi yana mwelekeo wa kupotosha na kuharibu watu ambao akili zao ziko wazi kwa athari kama hizo, na ambao huenda chapisho likaangukia mikononi mwao.

Waingereza wenyewe waliona kipimo hicho kinabana. Mwaka 1959 walitunga sheria mpya inayotaka chapisho lipimwe zima badala ya kudonolewa mistari, na ikampa mshtakiwa nafasi ya kujitetea kwamba lilichapishwa kwa manufaa ya umma: sayansi, fasihi, sanaa, elimu. Marekani, Mahakama Kuu kabisa ya nchi ilikitupa kipimo cha Hicklin mwaka 1957. Huku kwetu kanuni za kikoloni zilibaki na sentensi zake, na pale zinapotaja mwelekeo wa kuharibu maadili bado unausikia mwangwi wa Cockburn.

Sasa tuirudishe Lusaka hiyo sentensi ya mikono. Kipimo cha zamani, pamoja na ukali wake wote, kinauliza jambo moja la busara: chapisho hili lingeangukia mikononi mwa nani? Katika kesi nyingi swali hili huijenga kesi ya serikali, kwa sababu gazeti huuzwa barabarani na mtoto wa shule anaweza kulinunua kwa hela ya maandazi. Kwa Kabwela lilifanya kinyume. Mikono ilijulikana moja baada ya nyingine, kwa majina na vyeo. Ili mshtakiwa apatikane na hatia, upande wa mashtaka ulipaswa kuishawishi mahakama kuwa Makamu wa Rais, mtu mzima, mwanasheria, ambaye wakati huo alikuwa pia Waziri wa Sheria, ni miongoni mwa watu ambao akili zao ziko wazi kuharibiwa na picha ya mama anayejifungua. Sijui ni wakili gani wa serikali angependa kusimama aseme hivyo kwa sauti.

Na mashtaka yalikuwa yamejiongezea mzigo kwa kutaja nia. Kusambaza kwa nia ya kuharibu maadili. Nia iliandikwa kwenye barua yenyewe, ambayo ilikuwa kielelezo cha upande wa mashtaka: inaomba mgomo uishe. Mtu hawezi kuwa na nia ya kukuharibu maadili kwa kukuomba uwafungulie wajawazito mlango wa hospitali. Labda useme barua ilikuwa kisingizio, na kwa hilo ungehitaji ushahidi ambao haukuwapo.

Tarehe 16 Novemba 2009 Hakimu Charles Kafunda aliitupa kesi. Alisema picha zile hazikuwa chafu kwa maana ya sheria, akamwachia Kabwela huru. Miezi minne ya kwenda na kurudi mahakamani ikaishia hapo.

Wengi waliiandika hukumu hiyo kama ushindi wa uhuru wa habari. Nami naikubali, ila naona kuna mambo mawili yanayopitwa haraka.

La kwanza ni kilichotokea pembeni. Kesi ikiendelea, Agosti 2009 The Post ilichapa makala ya Muna Ndulo, profesa wa sheria Mzambia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Makala iliichambua kesi na kuonyesha jinsi ilivyojaa makosa tangu mwanzo. Mhariri mkuu wa gazeti, Fred M'membe, akashtakiwa kwa kudharau mahakama kwa kuchapa maoni juu ya shauri lililo mbele ya hakimu. Juni 2010, miezi saba baada ya Kabwela kuachiwa, hakimu mwingine, David Simusamba, alimtia M'membe hatiani na kumhukumu kifungo cha miezi 4 na kazi ngumu. Alikaa ndani siku chache kabla ya kutoka kwa dhamana akingojea rufaa.

Tafakari mfuatano huo. Aliyesemekana kusambaza uchafu hakuwa na hatia. Aliyechapa makala ya kusema kwamba kesi haina kichwa wala miguu, jambo ambalo hakimu mwenyewe alilithibitisha baadaye kwa kuifuta, ndiye aliyefungwa. Mashtaka ya machapisho machafu yaliposhindwa yalikuwa yameshazaa mtoto wao. Mhariri anayesoma kisa hiki atafute somo hapo kabla hajalitafuta kwenye hukumu ya Novemba: kesi dhaifu bado ina kazi ya kufanya. Inakula muda, inakula fedha za mawakili, na inafungua milango ya kesi nyingine. Waandishi wana msemo wao kwamba mchakato wenyewe ndiyo adhabu, na kwa The Post ulikuwa hivyo hasa.

Kwa nini serikali ilichagua chombo hiki? Hapa inabidi kueleza magazeti yalivyokuwa yakisimamiwa Zambia, maana ni tofauti na tulivyozoea. Gazeti la Zambia husajiliwa kwa Mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa chini ya Sheria ya Machapisho. Ni usajili wa kumbukumbu zaidi kuliko leseni. Linganisha na Tanzania, ambako kwa miaka 40 kifungu cha 25 cha Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 kilimpa waziri uwezo wa kulisimamisha gazeti kwa kalamu yake akiona ni kwa manufaa ya umma au kwa ajili ya amani na utulivu. MwanaHalisi lilifungiwa hivyo mwaka 2008, likafungiwa tena 2012. Mwananchi na Mtanzania yalionja Septemba 2013, la kwanza siku 14 na la pili siku 90. Mseto lilifungiwa miaka 3 Agosti 2016, na ilichukua hadi Juni 2018 Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha kusema kwamba amri hiyo ilivunja Mkataba wa Jumuiya. Waziri mwenye kalamu ya namna hiyo hana haja ya kuhangaika na neno uchafu. Anaandika barua ya ukurasa mmoja na mitambo inasimama.

Lusaka hakuna kalamu nyepesi kama hiyo. Kuna kifungu cha 53 cha Kanuni ya Adhabu, kinachompa Rais uwezo wa kupiga marufuku chapisho. Kilitumika dhidi ya gazeti hili hili. Tarehe 5 Februari 1996 Rais Frederick Chiluba alipiga marufuku toleo namba 401 la The Post, lililokuwa limefichua mpango wa serikali wa kuitisha kura ya maoni ya katiba kwa kuwashtukiza wapinzani. Marufuku ile ilifika hadi kwenye intaneti: toleo la mtandaoni nalo liliondolewa baada ya vitisho vya polisi, katika siku ambazo magazeti mengi ya Afrika hayakuwa hata na tovuti. Aliyekutwa na nakala alikuwa na kosa.

Marufuku ya wazi ina gharama yake, hata hivyo. Dunia inaona, wafadhili wanauliza, na serikali inaonekana imekasirishwa na habari. Mwaka 2009 haukuwa mwaka mzuri wa kuulizwa. Mwezi Mei tu, kabla ya mgomo kupamba moto, Sweden na Uholanzi zilikuwa zimesimamisha misaada yao kwa sekta ya afya baada ya kuibuka kashfa ya kwacha bilioni 27 za wakati huo zilizochotwa Wizara ya Afya. Weka mambo haya pamoja: fedha za afya zimeibwa, wauguzi wamegoma kwa ajili ya mishahara, mama anajifungua nje ya hospitali kubwa kuliko zote nchini, na picha zipo. Serikali ingetaka sana mjadala uhame kutoka wodini.

Neno picha za ngono liliuhamisha. Siku moja kabla ya tamko la Rais, swali lilikuwa kwa nini mama yule hakupokelewa. Siku iliyofuata, swali likawa kama ni adabu kutuma picha zile. Na swali hili la pili lilikuwa na wapenzi wa kweli mitaani. Nadhani wachambuzi wa nje hawakulipa uzito wake. Waliandika kama vile hasira ya watu juu ya picha zile Rais aliibuni kichwani mwake.

Hasira ilikuwepo. Zambia, kama pwani yetu, uzazi una wenyewe. Miongoni mwa Wabemba msichana anayevunja ungo huingizwa chisungu, yaani unyago wao, na anayemfunda ni nachimbusa, ambaye kwetu tungemwita kungwi au somo. Yanayosemwa mle hayatoki nje, na mwanamume hana kiti pale. Chumba cha kujifungulia ni cha wanawake. Kuna watu wazima kabisa, wenye akili zao timamu, walioona picha ya mama katika hali ile kwenye meza ya mwanamume asiye hata mume wake kuwa ni kumvua nguo mara ya pili. Mtu wa Tanga au wa Lamu angelielewa hilo bila kutafsiriwa. Kusitiriana katika uzazi ni wajibu kwetu, hakuna anayeuona ushamba.

Ila angalia sheria ilivyoitumia hisia hiyo. Kinachowauma watu ni heshima ya mama: yeye ndiye aliyeonekana, yeye ndiye asiyesitiriwa. Kifungu cha 177 hakimjui mama. Kinajua maadili ya umma, yaani kinamlinda anayetazama. Katika hati ya mashtaka ya Kabwela, mwathirika alikuwa mpokeaji wa barua. Waziri ndiye aliyeonewa huruma kwa kulazimika kuona. Mwanamke aliyezungushwa kliniki mbili na kuachwa nje, akapoteza mtoto, akapigwa picha akiwa hajui la kufanya, aligeuka kuwa kitu kichafu chenyewe. Yeye ndiye uchafu uliosambazwa. Sijapata kuona kesi ambayo sheria ilimkosea mtu aliyeumia kwa ukamilifu namna hii bila hata kumtaja.

Hili ndilo jambo la pili linalopitwa, na ndilo naliona zito kuliko yote. Mabishano ya 2009 yaligawa watu kambi mbili, ya uhuru wa habari na ya maadili, na kila kambi ilikuwa ikizungumza juu ya kichwa cha mama. Walioitetea The Post walisema picha si za ngono, ni za msiba. Kweli. Lakini kuwa picha si ya ngono hakumaanishi kuwa ni halali kuitoa kwa yeyote. Zile zilikuwa picha za mgonjwa. Hospitalini, taarifa ya mgonjwa ni siri yake, na siri hiyo haiishi kwa sababu mlango wa wodi ulikuwa umefungwa.

Sitaki kuwaonea wahariri wa The Post. Walifanya jambo ambalo vyumba vingi vya habari havingelifanya: walikuwa na picha ambazo zingeuza gazeti, wakazifungia. Familia ilikuwa imezileta yenyewe. Waliwapelekea watu wachache wenye uwezo wa kumaliza mgomo. Hata hivyo orodha ya wapokeaji ilivuka serikali, ikagusa watu ambao hawakuwa na ufunguo wa hazina wala wa wodi, na hapo mimi ningesita. Waziri wa Afya ana wajibu kisheria juu ya mgonjwa yule, kwa hiyo ana sababu ya kuona. Asasi ya kiraia ingeweza kusomewa maelezo ikaelewa. Ukiongeza jina moja kwenye orodha, unaongeza macho juu ya mama, na pia unampa mwendesha mashtaka neno kusambaza likiwa limeiva.

Mwaka 2009 hapakuwa na sheria ya kukupima kusita huko. Leo ipo. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Zambia mwaka 2021, Tanzania ikafuata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria za aina hii huanza na mwenye taarifa, kwa hiyo zinaanza na mwenye mwili. Zinauliza kama aliridhia, taarifa zimetumika kwa lengo gani, na zimefika kwa wangapi zaidi ya waliohitajika. Chini ya maswali kama hayo, kesi ya picha za UTH ingekuwa tofauti kabisa, na The Post haingekuwa na jibu rahisi kwa kila swali. Wala serikali haingekuwa nalo: wizara iliyomwacha mgonjwa nje ingekuwa ya kwanza kuulizwa kuhusu heshima yake.

Nasema hivyo nikijua kwamba sheria hizi nazo zinaweza kupindishwa. Waziri mwerevu anaweza kuzuia picha ya wodi chafu kwa kisingizio cha faragha ya wagonjwa, na tayari wapo maofisa wanaomkataza mwandishi kuingia hospitalini kwa lugha hiyo. Tofauti ni kwamba faragha ina mwenyewe, mtu mwenye jina, anayeweza kuitwa akasema mimi nimekubali au nimekataa. Maadili ya umma hayana mwenyewe, kwa hiyo husemewa na aliyeko madarakani.

The Post haikufa kwa uchafu. Juni 2016, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, Mamlaka ya Mapato ya Zambia ilifunga ofisi na mitambo yake kwa deni la kodi, na Novemba mwaka huo kampuni ikawekwa chini ya mfilisi. Marufuku ya Rais mwaka 1996, maadili mwaka 2009, kodi mwaka 2016. Rais Banda mwenyewe alikuwa ameshaondoka zamani, alishindwa na Michael Sata, kiongozi wa upinzani, kwenye uchaguzi wa Septemba 2011, gazeti lile likimpigia Sata debe bila kificho. Waliolifunga walikuwa watu wa chama kile kile cha Sata lililokisaidia kuingia Ikulu.

Nimeulizwa na vijana wa chumba cha habari, kila tukifika kwenye kisa hiki, mimi ningefanya nini picha zile zingetua mezani kwangu. Ningemtafuta mama kwanza, kupitia jamaa waliozileta, na ningemwuliza yeye, si wao. Akikubali, ningemwandikia Waziri wa Afya peke yake, barua ya ukurasa mmoja yenye saa aliyofika kila kliniki, jina la kituo, na kilichotokea, na ningesema picha ninazo kama anataka kuziona. Kisha ningechapa saa zile na vituo vile ukurasa wa kwanza, bila picha. Kijana mmoja aliwahi kunijibu hapo hapo: barua bila picha ingesomwa na karani, ikawekwa kwenye faili, na mgomo ungeendelea. Inawezekana. Nilimwambia aandike barua hiyo tuone ina uzito gani. Aliirarua mara tatu kabla hajapata sentensi ya kwanza inayomlazimisha waziri kusoma ya pili.